Gari la Baba Linaenda Kukaguliwa

Baba aliacha kuendesha gari ghafla, siku moja ya Alhamisi, akasema askari wa barabarani wamemchosha. Alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu kwa zaidi ya miaka thelathini, Mombasa hadi Malaba na kurudi, na alipostaafu akatulia nyumbani kwetu Port Reitz na kujinunulia gari dogo la Kijapani, la rangi ya fedha, lililotumika lakini zima. Alilitumia kwenda kanisani, sokoni Magongo, na kwa ndugu zake Kaloleni. Kisha ile Alhamisi akaliegesha uani, akalifunika turubai, akaning'iniza ufunguo kwenye msumari kando ya kitanda chake.

Mwezi uliofuata daktari alituambia baba ana presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Akabaki kuona mwanga na vivuli. Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwa nini askari walikuwa wamemchosha. Gari likakaa chini ya turubai mwaka na nusu.

Mimi nilikuwa karani wa ghala katika yadi moja ya makontena kule Changamwe. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na saba. Mizigo ilipoanza kupakiwa kwenye treni bandarini na kupelekwa bara moja kwa moja, yadi yetu ikaanza kuwa na nafasi, kisha ikawa na nafasi nyingi, kisha ikawa uwanja mtupu wenye mlinzi na paka. Tuliitwa ofisini mmoja mmoja. Sikulia. Nilirudi nyumbani nikapika wali na kunde, tukala na baba, na katikati ya chakula nikamwambia.

"Hawakuhitaji tena?" akauliza.

"Hawana kazi ya kunipa, baba."

Akaendelea kula. Kisha akasema, "Basi kula, mama."

Baba huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Ndivyo ilivyo desturi yetu, na tangu utotoni nimezoea kuitwa hivyo na mtu mzima mwenye sauti nene kama yake.

Leseni ya udereva nilikuwa nayo. Niliipata nikiwa na miaka thelathini na mmoja, nikijifunzia katika shule ya udereva baada ya kazi, kwa siri kidogo, kwa sababu baba hakuwahi kunifundisha. Alimfundisha kaka yangu. Kaka yangu anaishi Nairobi na hapendi hata kidogo kuendesha gari. Mimi, niliyekuwa nikikaa barazani nikihesabu malori yanayopita na kuyatambua kwa mlio, hakuna aliyefikiria kunipa usukani. Sikuwahi kumlaumu kwa maneno. Lakini nilikuwa nalo moyoni.

Wiki tatu baada ya kuachishwa kazi nilimletea chai ya asubuhi chumbani kwake, nikakaa kwenye mkeka mbele ya kitanda chake.

"Baba, nataka kuendesha teksi."

"Teksi gani?"

"Hizi za simu. Mtu anaita kwa simu yake, mimi naona kwenye yangu yuko wapi, naenda kumchukua. Hapa kwetu tuko karibu na uwanja wa ndege na hospitali. Abiria hawakosekani."

"Na gari?"

Nikautazama ufunguo msumarini. Baba akageuza uso upande wa uani, ingawa kutoka pale alipokaa kulikuwa na ukuta.

"Gari la teksi hukaguliwa," akasema.

"Ndiyo. Lazima lipite ukaguzi ndipo wanisajili."

"Basi nitalikagua mimi kwanza. Likipita kwangu, wao hawatakuwa na la kusema." Akanyoosha mkono kutoka kitandani, akapapasa ukuta mpaka akaupata msumari. "Ufunguo nakuazima. Sijakupa."

Turubai tuliliondoa siku ya Jumatatu. Chini yake gari lilikuwa limepauka kwa vumbi, magurudumu yamelegea, na juu ya injini paka alikuwa ametandika makazi ya vitambaa na majani makavu. Betri ilikuwa imekufa kabisa. Fundi wetu wa Magongo, mtu wa makamo aliyezaliwa mjini Mombasa na wazazi wa mjini, alikuja na betri nyingine begani, akajaza upepo, akamwaga mafuta ya zamani na kutia mapya. Injini ilikohoa mara nne, ikawaka. Baba alikuwa amesimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza salamu kutoka mbali.

"Bado ni yeye," akasema, akaingia ndani kusikiliza redio yake.

Fundi akatangulia kwa pikipiki. Mimi nikaingia garini kulirudisha nyuma nilitoe langoni. Nilikuwa sijashika usukani muda mrefu, na gari lile ni la gia za mkono. Baba hakutaka lingine. Nikaachia klachi haraka. Gari likaruka kama mbuzi, na upande wa nyuma wa kulia ukapiga nguzo ya lango. Nilisikia mlio wa plastiki ukivunjika.

"Vipi huko?" baba akaita kutoka ndani.

"Salama, baba!"

Nilishuka. Bampa lilikuwa limebonyea pembeni, na kifuniko chekundu cha taa ya nyuma kilikuwa na ufa mrefu na pengo dogo, kama jino lililong'oka. Nikaviokota vipande, nikavitia mfukoni. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, nimefunga hesabu za maelfu ya makontena bila kupoteza hata moja, nimesimama uani naficha plastiki mfukoni nisije nikapigwa. Njiani nilisimama duka la vifaa nikanunua tepu nyekundu. Nikaibandika vizuri sana. Kwa mbali usingejua.

Hiyo ikawa wiki ya gereji. Fundi alilipandisha gari, akalitazama chini, akaniambia yanayotakiwa: magurudumu manne mapya, pedi za breki za mbele, mipira ya wipa iliyokuwa imeoza kwa jua, kizima-moto, kisanduku cha huduma ya kwanza, na zile pembetatu nyekundu za kuweka barabarani gari linapoharibika. Kuhusu taa nilimwambia nitaishughulikia mwenyewe. Alinitazama, akatazama tepu, akarudi chini ya gari.

Baba alikuja kila siku. Asubuhi alivaa viatu, akachukua fimbo yake, akakaa mlangoni akingoja. Pale gereji alipewa kigoda chini ya mabati, na mafundi wote walikuwa wakimwamkia. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwona akitoka nyumbani bila kuitwa.

Siku ya Jumatano fundi alimaliza breki, akasema gari liko tayari. Baba akaomba azungushwe. Fundi akaingia nyuma ya usukani, baba akakaa kando yake, mimi nyuma. Tukazunguka uwanja wa gereji mara mbili.

"Simama," baba akasema. "Hebu kata kulia tena. Polepole."

Fundi akakata kulia.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, mzee wangu."

"Gurudumu la mbele, kushoto. Likikata kona kuna kitu kinagonga mara mbili, kisha kinanyamaza."

"Wallahi, mzee, gurudumu hilo nimelifungua jana kwa mikono yangu. Nna miaka ishirini katika kazi hii."

"Sikatai. Lakini kinagonga."

Fundi akavuta pumzi. Kwa heshima tu, sidhani kwa kuamini, alitia jeki, akatoa gurudumu, akalala chini na tochi. Alikaa huko kitambo. Alipotoka vidole vyake vilikuwa na mchanga mweusi wa grisi. Mpira unaofunika kiungo cha ekseli ulikuwa umepasuka upande wa ndani, usioonekana, grisi imetoka na mchanga umeingia.

"Mzee," akasema, "una mashikio wewe! Hilo lingemkatikia binti yako njiani na abiria ndani."

Baba akapangusa fimbo yake kwa kiganja, akijitahidi asitabasamu. Hakufanikiwa.

Wakati wa kurudi nyumbani, mpira na kiungo vikiwa vimebadilishwa, ndipo jambo nililolingoja tangu utoto likatokea, bila mtu kulitangaza. Tulikuwa tunapanda kutoka Magongo, foleni ya malori mbele yetu, nami nimeshikilia gia ya pili kwa woga.

"Injini inakuomba ya tatu," baba akasema.

Nikatia ya tatu.

"Umeisikia ilivyoshukuru? Sasa lori hilo la mbele litafunga breki. Dereva wake ana haraka, anasukuma. Kaa mbali naye." Lori likafunga breki. "Usikanyage. Gusa. Breki inaguswa, mama."

Kuanzia siku hiyo kila safari ilikuwa somo. Alinifundisha kuondoka kwenye mlima bila gari kurudi hata inchi moja. Alinifundisha kusikia gurudumu lililopungua upepo. Alinifundisha kwamba abiria anayekaa kimya na kushika mpini wa mlango anaogopa, na mtu huyo haulizwi, unapunguza mwendo tu. Kuna siku nilimuuliza kwa nini hakunifundisha zamani. Akafikiri mpaka tukapita mzunguko wa Changamwe.

"Barabara ile niliyoiendesha mimi," akasema, "nilitaka mmoja wenu asiijue."



Siku ya Ijumaa nililiosha gari ndani na nje. Chini ya viti nilipata kitabu chake cha nyimbo za kanisani, vijiti vya meno, kofia yake ya kazi, na mchanga wa Kaloleni, ule mwekundu, wa kutosha kupanda mche. Nilisugua viti kwa brashi na sabuni ya unga, nikaacha milango wazi jua liingie. Jirani alipita akasema, "Mmenunua gari?" Nikafurahi siku nzima.

Jumamosi asubuhi baba akafanya ukaguzi wake. Alivua viatu, akavaa fulana, akaanzia taa za mbele. Alikuwa akipitisha viganja polepole: boneti, kioo, kingo za milango. Aliingiza vidole kwenye mifereji ya magurudumu mapya akaipima kina. Alivuta kila mshipi wa usalama kwa nguvu, akasikiliza unavyojifunga. Aliniambia nipige honi, niwashe indiketa, akahesabu mlio wake. Mimi nilimfuata nyuma, nikihesabu hatua zilizobaki kabla ya upande wa nyuma wa kulia.

Akafika. Mkono wake ukashuka juu ya buti, ukagusa taa, ukasimama juu ya tepu. Vidole vikaifuata tepu mpaka mwisho, vikarudi. Kisha vikashuka kwenye bampa, pale palipobonyea, vikakaa hapo.

  Hakuniuliza kitu. Akajinyoosha, akapangusa mikono kwenye fulana.

"Liende," akasema, na akaingia ndani.

Nilijua ameigusa. Sikujua kwa nini amenyamaza, na kunyamaza kwake kulinisumbua kuliko kama angenigombeza. Jumapili kanisani niliomba, nadhani, mambo mawili kwa wakati mmoja: gari lipite, na baba asiulize.

Jumanne tukaenda. Kituo cha ukaguzi kiko kando ya barabara kuu ya Nairobi, mbele ya Mikindani, na foleni ilikuwa imefika langoni tulipowasili. Baba alikuwa amevaa shati lake jeupe la Pasaka. Nilimwambia anaweza kubaki nyumbani, akaniuliza kama nimewahi kusikia mzazi ambaye mwanawe anakwenda kufanya mtihani, naye akabaki kitandani.

Mkaguzi wetu alikuwa mwanamke wa bara mwenye ovaroli ya bluu na kalamu nyuma ya sikio. Alinielekeza nipandishe gari kwenye mashine ya breki, magurudumu yakazungushwa, nikaambiwa nikanyage, nikaachia, nikavuta breki ya mkono. Akashuka kwenye shimo akatazama chini. Alipotoka alitingisha kichwa kwa kuridhika.

"Mama, hii gari imetunzwa," akasema. "Kuna watu wanaleta za juzi na hazina hali kama hii."

Baba, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta, akarekebisha kola.

Mkaguzi akazunguka nyuma. Akainama. Akabandua ncha ya tepu kwa ukucha.

"Na hii ni nini mmebandika?"

"Ni ufa mdogo tu," nikasema.

"Taa ya nyuma haifungwi na tepu. Abiria wako atagongwa nyuma, utaniambia ni ufa mdogo? Badilisha, halafu urudi. Mengine yote nimepitisha." Akaandika kwenye karatasi, akanipa, akaita gari linalofuata.

Nililitoa gari nje, nikaliegesha kwenye kivuli cha ukuta. Baba aliketi kando yangu. Niliikunja ile karatasi mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama stempu.

"Baba," nikasema, "taa niliivunja mimi."

Akageuka.

"Jumatatu ile, nikilitoa langoni. Niligonga nguzo. Uliponiuliza nikakwambia salama. Tepu niliiweka mimi, kusudi usijue. Niwie radhi."

"Wewe?" akasema.

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyegonga nguzo?"

"Ndiyo, baba. Bampa pia ni mimi."

 Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho kwa ule mkono wa shati jeupe.

"La," akasema alipopata pumzi. "Bampa si wewe."

Hapo ndipo akanieleza. Ile Alhamisi ya mwisho hakukuwa na askari yeyote. Alikuwa anatoka langoni, anarudi nyuma, mchana kweupe, na nguzo hakuiona kabisa. Aliisikia tu. Na jirani yetu muuza mboga alikuwa amepita hapo hapo na karai lake kichwani muda mfupi kabla. Alikuwa hata hajafika mbali. Baba alishuka, akapapasa bampa, akaogopa kupapasa zaidi.

"Nikajiambia, siku nyingine haitakuwa nguzo. Nikazima gari. Lakini kukwambieni kwamba sioni nilishindwa. Miaka yote ile sijagonga hata kuku. Nikasema askari."

"Na juzi, ulipogusa tepu?"

"Nilidhani taa niliivunja siku ile, na wewe umeona. Nikasema, mwanangu amefunika kosa langu asinitie haya. Ningeanzaje kuuliza?" Akaanza kucheka tena. "Kumbe kila mmoja anamfichia mwenziwe nguzo ile ile. Basi tugawane sawa. Bampa ni langu. Taa ni yako."

Tulicheka pamoja mpaka mlinzi wa lango akaja kuchungulia dirishani kutazama kama tuko salama. Tangu mama yangu afariki sikuwa nimemwona baba akicheka hivyo.

Taa tuliipata siku iliyofuata Changamwe, kwa muuzaji wa spea zilizotumika, nzima, ya gari kama letu. Fundi aliifunga kwa skrubu tatu, akakataa kabisa kuzungumzia malipo ya kazi hiyo, akasema ni zawadi kwa masikio ya mzee. Alhamisi tulirudi kituoni. Mama wa ovaroli ya bluu alitukumbuka. Aliniambia nikanyage breki, taa zote mbili zikawaka, akapiga mhuri.

"Nenda ukafanye kazi," akasema. "Na huyu mzee ni utingo wako?"

"Ni mwalimu wangu," nikasema.

Tulipokuwa tunatoka baba alinigusa bega, akasema ufunguo huo sasa ni wangu, nisiutundike tena chumbani kwake.

Kurudi nyumbani barabara ilikuwa nyepesi. Dirisha lake lilikuwa wazi, upepo ukicheza na kola ya shati. Nilitia ya tatu, nikatia ya nne, nikangoja aseme neno juu ya lori lililokuwa mbele. Hakusema. Nilipomtazama kichwa kilikuwa kimelala kwenye mshipi na mdomo umefunguka kidogo. Baba hakuwahi kulala kwenye gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Katika safari zote za mazishi na harusi, kwenye mabasi, kwenye magari ya watu, alikuwa akikaa macho na kukanyaga breki isiyokuwepo.

Nilifika kwenye kona ya kuingia kwetu nikaipita. Nikaenda na barabara ya uwanja wa ndege mpaka mwisho wake, taratibu, nikikwepa mashimo, nikazunguka, nikarudi. Tulipofika karibu na hospitali ndipo alipoamka akajiweka sawa.

"Tuko wapi?"

"Karibu na hospitali, tunarudi. Tulifika uwanja wa ndege."

"Kufuata nini?"

"Hakuna. Ulikuwa umelala, sikutaka kukuamsha."

"Mimi?" akasema. "Mimi sikulala."

"Sawa, baba," nikasema, nikawasha indiketa.